Maneno Chini ya Picha

Jumatatu, 3 Februari 2003

Madaftari ni mawili. La bluu ni la ripoti, linasomwa na shirika lililotufundisha. Hili jekundu wametuambia ni letu wenyewe, tuandike yaliyo moyoni ili tusirudi nyumbani tumebeba mizigo ya watoto. Mimi niliona ni upuuzi, lakini karatasi ni nzuri na hakuna aliyeniuliza, basi naandika.

Naitwa Mwavita. Nilizaliwa Uvira, upande wa Kongo, wakati wa vita vya Mulele, ndiyo sababu ya jina, na Uvira niliiacha mwaka 1998 kwa sababu ya vita vingine. Huu ni mwaka wa nne nafundisha shule ya msingi hapa Cibitoke, mtaa wa Bujumbura. Kuanzia leo sina darasa, nina chumba. Kilikuwa stoo ya majembe na mifagio. Direkteri wetu, Bwana Adolphe, amenikabidhi ufunguo huku anacheka: "Madamu Mwavita, sasa we ni daktari wa roho!"

Nimepewa mkeka, meza, kalamu za rangi na sanduku la bati lenye vitabu kumi na viwili vya watoto. Mafunzo yalikuwa siku kumi, mjini, chai na mandazi asubuhi na saa kumi. Walitufundisha hivi: msomee mtoto hadithi ya mnyama mwenye shida kama yake, azungumze juu ya mnyama mpaka awe tayari kuzungumza juu yake mwenyewe. Kisha achore. Kisha wewe uandike chini ya picha maneno yake kama alivyoyasema, usiongeze wala usipunguze. Hilo la mwisho walilirudia mpaka tukachoka.

Jumanne, 4 Februari

Mvua tangu asubuhi. Bati linavuja, na linavuja juu ya mkeka tu, pengine pote pakavu.

Alhamisi, 6 Februari

Watoto sita wa kwanza. Vitabu vyote ni vya Kifaransa, kwa hiyo nasoma moyoni halafu nawaambia kwa Kiswahili, na mahali wanaponikodolea macho nachomeka Kirundi changu kibovu, wanacheka. Kuna kitabu cha dubu kwenye theluji. Nimewauliza ile nyeupe ni nini. "Sabuni," kasema mmoja. "Apana, ni mosi wa bombe," kasema mwingine, na wote wakakubali kwamba ni moshi wa bomu. Nimekirudisha kitabu hicho chini kabisa ya sanduku.

Jumatatu, 10 Februari

Epiphanie, mwalimu wa mwaka wa tatu, ameniletea mtoto amemshika mkono. Epiphanie nimemjua miaka minne na kila siku ananichokoza, eti sisi watu wa Uvira tunaongea hata usingizini. Leo hakunichokoza.

"Huyu ni Orlane. Tangu Septemba hajasema neno mu darasa langu. Anaandika vizuri, anahesabu vizuri, lakini mdomo, apana."

Si bubu. Uwanjani akianguka analia kama wengine. Fishi yake, kadi ya shule, inasema: miaka minane, baba alikufa 1995, mama, Léoncie, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Ni mwembamba, macho makubwa, ameketi kwenye kona ya mkeka ambayo haivuji na ameangalia mikono yake saa nzima.

Mtoto alipotoka nikamwambia Epiphanie kwamba ni huzuni iliyojifungia ndani, tutaifungua. Akatikisa kichwa. "Mwavita, huyu ni mutoto wa ibanga tu." Ibanga ni Kirundi. Ni siri, na ni ile heshima ya kujua kuitunza. Mtu wa ibanga kwa Warundi ni mtu unayeweza kumwachia nyumba yako. Nikamjibu kwamba ibanga ni la watu wazima, mtoto wa miaka minane akiwa na ibanga ni ugonjwa. Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na nilijiona nina akili sana.

Jumatano, 12 Februari

Orlane: kimya.

Ijumaa, 14 Februari

Orlane: kimya. Amechora nyumba yenye mlango wa bluu. Hakusema kitu, kwa hiyo chini sikuandika kitu.

Jumatatu, 17 Februari

Asubuhi tulisikia milio upande wa Gihosha, kule juu. Watoto siku hizi wanabishana kama wanavyobishana juu ya mpira: hiyo ni radi, apana hiyo ni bombe, radi inakokota, bombe inakata. Direkteri aliwalaza chini ya madawati nusu saa, halafu masomo yakaendelea.

Mchana nikachukua kitabu cha kobe anayeogopa radi. Tukacheza mvua ya vidole: kidole kimoja juu ya meza, viwili, vinne, mikono yote miwili, halafu polepole mpaka kimya. Tulipofika mikono yote miwili, mvua ya kweli ikaanza kupiga bati. Watoto watano wakajikunyata. Orlane akainua kichwa, akaangalia dirishani, akatabasamu.

Sijawahi kuona meno yake kabla ya leo.

Jumatano, 19 Februari

Amesema! Mungu wangu, amesema.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nikauliza, "Kobe anaogopa nini?" Wote wakapiga kelele, "Radi! Mvua!" Na kutoka kwenye kona, sauti ndogo, ya kukwaruza kidogo:

"Mi siogope. Mi napenda mvua."

Nilijizuia nisimrukie. Nikauliza kama kitu cha kawaida tu, "Kwa nini unaipenda?"

"Mvua ikinyesha, baba anakujaka." Yaani huja, kila ikinyesha.

Nimeandika katika daftari la bluu kurasa mbili nzima. Mtoto aliyefiwa, mvua, ndoto za baba: yote yako kwenye makaratasi ya mafunzo, karibu neno kwa neno. Nimekwenda nyumbani kwa miguu kwenye matope na sikuhisi baridi.

Ijumaa, 21 Februari

Mvua. Orlane amechora. Mtu mrefu amejifunika kichwa kwa shitingi nyeupe, turubai lile la wakimbizi. Bomba la maji, wanaloliita robine. Mlango wa bluu. Mkono mmoja wa mtu huyo una vidole vitatu. Nikafikiri amesahau, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa.

"Apana, Madamu. Viko bitatu."

Nikaandika chini ya picha, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubao: *Baba anakuja kama mvua inanyesha. Anapita nyuma ya robine. Anakula bugali na sisi, kisha anaenda.* Nikamsomea. Akaweka kidole juu ya kila neno akahakikisha.

Alikuwa hajatimiza hata mwaka baba yake alipokufa. Hakumjua. Kwa hiyo amejitengenezea baba wake, hata vidole amemhesabia. Nimelia kidogo jioni, na kilikuwa kilio kizuri.

Jumanne, 25 Februari

Jua. Orlane kimya, lakini amenisaidia kukunja mkeka.

Jumamosi, 1 Machi

Nimemkuta Léoncie sokoni. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, ana sauti ya chini, na wateja wanainama ili wamsikie. Nikajitambulisha. Nikamwambia kwa furaha yote, "Mama Orlane, mtoto anaongea!"

Alikuwa anapima ndagala kwenye kopo. Mkono ukasimama.

"Anaongea nini?"

"Habari za baba yake. Usiogope, mama, ni vizuri. Akiyatoa atapona."

Mama mmoja nyuma yangu akaanza kunung'unika. Kisha Léoncie akasema, bila kuniangalia: "Madamu, we ni mutu muzuri. Muache mutoto anyamaze. Nakuomba. Anyamaze tu." Na akaniongezea konzi moja ya ndagala, na nyingine, na nyingine, mpaka mfuko ukajaa.

Nikasema asante. Njiani nikawa najiambia, maskini, hajui namna nyingine ya kushukuru.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Orlane ameniambia baba alileta maparachichi, makubwa, na kwamba huwa anamfundisha kuhesabu kwa mbegu za maharagwe. Nimeandika. Epiphanie amepita mlangoni, akasimama akasikia, akaenda zake.

Jumatatu, 10 Machi

Wageni wanakuja Ijumaa. Watu wa shirika, na wakubwa wengine. Bwana Adolphe anataka picha za watoto zibandikwe ukutani, zote. "Watu wa shirika waone kazi, Madamu, vinginevyo mwaka ujao tunarudi kuweka majembe humo ndani."

Kwenye mafunzo walisema picha ni ya mtoto, uombe ruhusa kwanza. Nimeomba. Wengi wamekubali mara moja. Orlane ameshika yake kwa mikono miwili.

"Ukiibandika, baba ataiona?"

Nikamwambia, "Ataiona."

Akanipa.

Ijumaa, 14 Machi

Wageni wamekuja, wamefurahi. Mwanamke wa shirika alipiga picha ya sanduku la vitabu. Kulikuwa na bwana mmoja, koti la kijivu, mpole, sijui ni wa ofisi gani, aliyesoma maneno chini ya kila picha. Wengine wanaangalia rangi, yeye alisoma. Nilijisikia vizuri kuona kuna mtu anasoma. Mbele ya picha ya Orlane alisoma mara mbili.

"Huyu ni mutoto wa nani?"

"Orlane, wa Léoncie, yule anayeuza ndagala sokoni. Baba alikufa 1995. Ni ndoto tu, bwana, ndivyo watoto wanavyoomboleza."

"Ni kazi nzuri, Madamu. Kazi nzuri sana." Akanipa mkono.

Soda mbili kwa kila mwalimu. Bwana Adolphe amefurahi mpaka ameimba.

Jumamosi, 15 Machi

Jua.

Jumatatu, 17 Machi

Jua kali. Matope yamekauka yamekuwa vumbi.

Jumatano, 19 Machi

Jua. Orlane ameniuliza lini mvua itanyesha. Nikamwambia mawingu yako juu ya Kongo, kesho labda.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kubwa kuanzia saa nane mchana. Nilimwona Orlane akitoka shule anakimbia katikati ya mvua, viatu mkononi, anacheka.

Ijumaa, 21 Machi

Orlane hakuja shule.

Epiphanie ameingia stoo saa nne, akafunga mlango, akaegemea. Alisema polepole, kwa Kiswahili, ili nisipoteze hata neno moja.

Jana, mvua ilipokuwa kubwa, askari walikuwa wamejificha nyuma ya robine, kwenye uwanja wa Léoncie. Walikuwa wamekaa wanangoja. Mtu akaja amejifunika shitingi. Wakamkamata kabla hajagusa mlango, wakamshika mkono wakahesabu vidole. Vitatu. Wakasema, ni yeye.

"Ni nani?" nikauliza. Nilikuwa sijaelewa bado, Mungu anisamehe, nilikuwa sijaelewa.

"Rénovat. Mudogo wa bwana wa Léoncie aliyekufa. Ni yeye amelea huyu mutoto tangu iko anatambaa. Wale waasi wa mlimani walimuchukua mwaka jana, wanamubebesha magunia. Mvua ikinyesha askari wa bariyeri ya barabara wanaingia ndani, na yeye anapita."

Baba mdogo. Mdogo wa baba. Baba.

Mimi mwenyewe nina baba watatu. Mmoja alinizaa na wawili ni wadogo zake, na tangu nijue kusema sijawahi kuwaita kwa jina lingine. Baba Cirimwami, mmoja wa hao wadogo, ndiye aliyenivusha mpaka huku mwaka 1998, mkono kwa mkono. Mtoto wa Uvira, mtoto wa Bujumbura, mtoto yeyote wa hapa akisema baba, hata mjinga anajua kuuliza: baba yupi? Mimi sikuuliza. Nilikuwa na fishi iliyosema baba alikufa, na makaratasi ya mafunzo yaliyosema watoto wanaota. Nilisahau lugha ya mama yangu kwa ajili ya siku kumi za mandazi.

Epiphanie alikuwa anaangalia ukuta, picha ile. Alisoma yote mpaka mwisho. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali anitukane.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Bwana Adolphe ameagiza picha zote zitolewe. Amezichoma mwenyewe nyuma ya vyoo, na kurasa za daftari la bluu pia amezichana. "Hapa hakuna mutu alisema kitu. Hakuna mutu aliandika kitu. Ukifungua mdomo, Madamu, wale wa mlimani watashuka kutuuliza, na hawatauliza kwa adabu. We uko mukimbizi. Mimi niko na watoto watano. Umesikia?"

Nimesikia. Daftari hili jekundu sikumwonyesha.

Jumatatu, 24 Machi

Orlane amerudi. Miguu ina alama za fimbo, kutoka kwenye magoti kushuka chini. Kimya. Siyo kile kimya cha Februari, kile kilikuwa na mtu ndani yake.

Epiphanie amesikia kwa majirani. Baada ya askari kuondoka Léoncie alimuuliza mtoto: ulisema kwa mutu? Na Orlane akajibu: ni mi. Bila kulia, bila kujitetea. Tangu siku hiyo mama haongei naye. Anamwekea sahani yake peke yake nje ya mlango.

Mimi najua ni nani alisema. Jina la mama, kazi ya mama, yote nilimpa yule bwana wa koti la kijivu, na mkono nikampa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nimeamua kwenda kwa Léoncie kesho.

Jumatano, 26 Machi

Sikwenda.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Sikwenda. Nimejiambia ni kwa sababu ya mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefika mpaka kwenye robine. Kulikuwa na wanawake wanachota maji, wakanyamaza waliponiona. Nikajifanya nimepotea njia, nikarudi. Mwanamke mzima, miaka thelathini na minane.

Naogopa. Acha niandike wazi, kwani hapa hakuna anayesoma. Naogopa Léoncie ataniambia muuaji mbele ya watu. Naogopa ana shemeji wengine kule mlimani. Naogopa kufukuzwa hapa pia, nianze tena nchi ya tatu na sufuria kichwani. Na kila siku ninayoogopa, mtoto anakula nje ya mlango kwa kosa langu.

Jumatatu, 31 Machi

Epiphanie amenikuta nimekaa stoo, sanduku limefungwa. Nikamwambia nimeshindwa kwenda. Nilidhani atanifariji.

"Mutoto amekonda," akasema. "Leo amelala juu ya dawati." Akatoka.

Jumatano, 2 Aprili

Léoncie amekuwa akipeleka chakula kule walikomfunga Rénovat, kila asubuhi kabla ya soko. Wanapokea bakuli, wanarudisha bakuli tupu. Leo wamemwambia asilete tena.

Mji mzima unajua maana ya neno hilo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda.

Nilikwenda saa kumi, mchana kweupe, ili nisiweze kusema nilikosea mlango. Léoncie alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga ya lengalenga. Amevaa kitenge cheusi. Orlane alikuwa karibu na ukuta anaosha sufuria kwa majivu. Hakuinua kichwa.

Hakuna aliyeniambia karibu. Nikabaki nimesimama.

"Mama Orlane, nimekuja kusema kitu, na nakuomba unisikie mpaka mwisho."

Akaendelea kuchambua.

Nikasema. Picha, vidole, maneno niliyoyaandika, ukuta, wageni, bwana wa koti la kijivu, jina lake Léoncie lililotoka kinywani mwangu. Nilikuwa nimejiandalia maelezo mengi juu ya mafunzo, juu ya huzuni, juu ya nia yangu njema. Nilipofika mlangoni yote niliona ni takataka, nikayaacha. Nilisema tu nilichofanya.

Mikono yake ikasimama, kama ile siku ya sokoni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa fupi zaidi na ilinichoma zaidi.

"Nilikuomba," akasema. "Pale mu soko. Nilikuomba, nikakupa samaki."

"Ndiyo. Sikuelewa."

"Ulielewa nini? Kwamba nakupa zawadi?"

Ndivyo nilivyoelewa.

Kuku wa jirani akaingia, akatoka. Kisha Léoncie akaita, bila kupandisha sauti: "Orlane. Kuja hapa." Mtoto akaja, mikono imejaa majivu, akasimama mbali kidogo, mahali fimbo haifiki. Niliona alivyopima umbali huo kwa macho, na Léoncie pia aliona.

"Mwambie yeye," Léoncie akaniambia. "Mimi umeshaniambia. Yeye ndiye amechapwa."

Nikapiga magoti kwenye udongo. Nimesoma vitabu kumi na viwili vya kuongea na watoto na sikukumbuka hata kimoja.

"Orlane, siyo wewe."

"Ni mi," akasema. Sauti ileile ya kukwaruza. "Ni mi nilisema."

"Ulisema kwangu. Wewe ulikuwa unasema kwa mwalimu wako, tena juu ya mtu unayempenda. Mimi ndiye niliyeandika. Mimi ndiye niliyebandika. Yule bwana aliponiuliza mtoto ni wa nani, mimi ndiye niliyemjibu. Wewe hukuwepo hata. Kosa ni la mtu mzima, na mtu mzima ni mimi."

Akanitazama. Macho yale makubwa.

"Ulisema baba ataiona."

"Nilisema."

"Hakuiona."

"Hapana. Hakuiona."

Akasubiri bado kidogo, kama mtu anayesubiri chenji dukani, halafu akageuka kumwangalia mama yake.

Léoncie alikuwa ameweka mkono juu ya mdomo. Alikuwa anaangalia miguu ya mtoto, zile alama. Akasema kwa Kirundi maneno ambayo sikuyapata yote. Nilipata "mwana wanje", mwanangu, na nilipata jina la Rénovat. Akanyoosha mkono. Orlane hakusogea. Akabaki ameunyoosha hivyo, lengalenga zikimdondoka mapajani, mpaka mtoto akapiga hatua moja, halafu nyingine. Akamvuta, akamkalisha kwenye mapaja juu ya mboga, na majivu yakampaka kitenge chote.

Kutoka pale, juu ya kichwa cha mtoto, akaniambia: "Sasa toka. Sitasema jina lako kwa mutu, siyo kwa ajili yako, ni sababu nimechoka na maiti. Lakini hapa usirudi. Na mutoto wangu usimusomee tena kitu, hata herufi moja."

Nikasema ndiyo, mama.

Nilipopita kwenye robine wale wanawake walikuwepo tena. Safari hii niliwasalimia, na mmoja akaitika.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempelekea Bwana Adolphe ufunguo. Nimemwambia nilikwenda. Alikaa chini, akashika kichwa. Kisha akauliza, "Ameahidi kunyamaza?" Nikasema ameahidi. Akasema basi tumuombe Mungu, na baada ya Pasaka nitachukua mwaka wa nne, somo la hesabu. Sanduku limebaki stoo. Nimeandikia shirika barua ya mistari mitatu. Sikuwaambia sababu, kwa hiyo wataleta mwingine, na watamfundisha siku kumi.

Ningependa mtu amwambie huyo mwingine aulize baba yupi. Sijui namna ya kuiandika barua hiyo bila kuua mtu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nilifikiri Orlane atalia. Epiphanie anasema alifunga dirisha la upande wake, akaendelea kuandika.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya mwisho kabla ya Pasaka. Nilikuwa kwenye korido nahesabu madawati yaliyovunjika. Mlango wa mwaka wa tatu ulikuwa umefungwa. Nikasikia Epiphanie anauliza, "Saba mara nane?" Kimya. Kisha sauti ya kukwaruza, wazi kabisa: "Makumi tano na sita!" Epiphanie hakupiga makofi wala hakushangaa, aliendelea tu kama vile amezoea, "Saba mara tisa?" Nikakaa juu ya dawati bovu nikasikiliza mpaka mara kumi na mbili. Nililia, na safari hii sikujali ni kilio cha namna gani.

Kengele ikalia. Watoto wakamiminika. Orlane akaja na rafiki, Mélissa, wameshikana viuno, na alikuwa anaongea. Anaongea! Mdomo haupumziki, habari ya kuku, habari ya nguo ya Pasaka, habari ya nani kamwibia nani kalamu. Nikasimama pembeni wapite. Nilikuwa na daftari la madawati mkononi na kalamu sikioni.

Akaniona. Akamshika Mélissa mkono, akamvuta karibu, na hakupunguza sauti hata kidogo.

"Nyamaza kwanza. Huyu anaandikaka."

Wakanipita midomo imefungwa, wote wawili, kwa heshima, vichwa chini. Walipofika kwenye geti wakaanza tena kucheka.